Kopo lililodumu tangu Pasaka: kisa cha pumu ya ngozi Uyole

Ni wiki ya pili ya Julai, Uyole, jijini Mbeya. Mtoto wa kike wa miaka minne, uzito kilo 16, ameletwa kliniki na mama yake na bibi yake. Kwa wiki tatu nyumbani hakulaliki: mtoto anajikuna usiku kucha, asubuhi shuka lina matone ya damu, mchana anasinzia na kulialia. Mama amebeba mfuko wenye kopo la mafuta ya mgando, tyubu mbili za krimu zilizominywa katikati, na kipande cha sabuni ya dawa. Baada ya salamu anasema: "Nesi, tumepaka mafuta mpaka tumechoka. Hayamsaidii."

Kisa ni cha mfano, kimeundwa kwa hali zinazojirudia kila kipupwe kuanzia Iringa mpaka Tukuyu; usimtafute mtoto huyu kwa jirani yako. Tumekianza na maneno ya mama kwa sababu ndiyo yanayosemwa na wazazi wengi, na ukiyafuatilia kwa utulivu mara nyingi unakuta mafuta hayajashindwa. Hayajawahi kupakwa kwa kiasi kinachofanya kazi.

Ngozi yenyewe

Mapindo ya viwiko na nyuma ya magoti ni meusi kuliko ngozi ya jirani, yamekuwa mazito, na mistari ya ngozi imejichora wazi. Shingoni kuna vipele vidogo vilivyokaa kwenye vinyweleo. Kidole kinavihisi kabla jicho halijaviona. Ugoko umepauka kiasi kwamba ukipitisha ukucha unaacha mstari mweupe. Kifundo cha mguu wa kulia kina kigaga cha rangi ya asali, kimeloa pembeni. Kucha za mikono zinang'aa kama zimepakwa rangi, na hakuna aliyezipaka kitu. Zimesuguliwa na kujikuna kwa miezi.

Vitabu vingi vya tiba vinaandika kwamba ngozi yenye pumu huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Mwako wa ndani unaonekana kama weusi uliozidi, zambarau iliyofifia au kijivu, na mara nyingi unakuja na vipele vya kwenye vinyweleo kama hivi vya shingoni. Anayesubiri wekundu ataandika "ngozi kavu tu" kwenye daftari la mtoto ambaye ngozi yake inaungua.

Kabla ya kusema ni pumu ya ngozi, mambo mawili lazima yaondolewe. La kwanza ni upele unaoletwa na kidudu kinachochimba chini ya ngozi. Huo huwasha usiku kama huu, lakini hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiuno na sehemu za siri, na kwa kawaida nyumba nzima inajikuna. Hapa mdogo wake hajikuni, mama hajikuni, na katikati ya vidole ni safi. Swali hili lisirukwe, maana dawa ya upele, ile emalshani ya benzili benzoeti, ikipakwa juu ya pumu ya ngozi inachoma vibaya na kuharibu zaidi. La pili ni fangasi. Fangasi wa mwilini hukaa kama duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipotulia, na mara nyingi upande mmoja umezidi mwingine. Mtoto huyu ana ugonjwa pande zote mbili sawasawa, kwenye mapindo, tangu alipokuwa na miezi minane. Na baba yake ana pumu ya kifua, na magonjwa haya mawili hutembea pamoja kwenye familia. Hiyo inatosha.

Tyubu mbili zilizomo mfukoni ni krimu ya aina moja: mchanganyiko wa steroidi kali (dawa inayozima mwako wa ngozi), antibayotiki na dawa ya fangasi. Zilinunuliwa dukani bila mtu kuangalia ngozi. Kila zikipakwa mwasho unatulia siku nne, tano, kisha unarudi, kwa sababu ndani yake ni steroidi peke yake iliyokuwa ikisaidia, na ikiachwa ngozi iko kavu vilevile. Mbaya zaidi, kama kweli kungekuwa na fangasi, steroidi hiyo ingewaficha: duara linapotea, wao wanaendelea kutambaa. Na shingoni, ambako ngozi ni nyembamba, krimu kali inayopakwa bila mpangilio kwa miezi inaweza kuikondesha ngozi na kuacha michirizi isiyofutika.

Hesabu ya kopo

Sehemu hii ndiyo kisa chenyewe, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

"Mama, kopo hili mlilinunua lini?"

"Baada ya Pasaka, nesi."

"Anapaka nani?"

"Yeye, na mdogo wake." Bibi anaongeza: "Na mimi mjukuu wangu, nikitoka kuoga napaka miguu."

Kopo ni la gramu 250. Imebaki robo. Yaani kama gramu 190 zimetumika kwa wiki 13, na watu watatu. Hiyo ni gramu 15 kwa wiki kwa nyumba nzima, gramu 2 kwa siku. Tukimpa mtoto nusu yake, amekuwa akipata kama gramu 1 kwa siku: chini ya robo ya kijiko cha chai kwa mwili mzima.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyoenea anahitaji kama gramu 250 kwa wiki. Kopo lile zima, kila wiki. Mtu mzima mwenye hali kama hiyo anahitaji kama gramu 500. Mama alipoambiwa alishika mdomo, na ana haki, maana hakuna aliyewahi kumtajia kiasi. Aliambiwa "mpake mafuta", naye akampaka kama anavyopakwa mtoto yeyote asubuhi asipauke. Kupaka ili ngozi ing'ae ni jambo moja. Kupaka ili ngozi izibike ni jingine.

Kwa nini izibwe? Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta wa matofali: seli bapa zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake mna mafuta ya mwili yenyewe, seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yanayoshika kama udongo. Kwa watoto wengi wenye pumu ya ngozi udongo huo ni haba, na wengine wamezaliwa na upungufu wa protini iitwayo filagrini, inayosaidia tofali lenyewe kushika maji. Ukuta una nyufa. Maji yanatoka nje usiku na mchana. Sabuni, vumbi na bakteria wanaingia. Mwili unajibu kwa kuwaka, kuwaka kunaleta mwasho, mwasho unaleta kucha, na kucha zinapanua nyufa. Mafuta mazito yanaziba nyufa hizo kwa saa chache. Saa chache tu, kisha yanafutika kwenye nguo na shuka. Ndiyo maana kupaka mara moja asubuhi hakufiki jioni.

Halafu kuna Mbeya yenyewe. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikikatika Mei, hewa inakauka mpaka Oktoba. Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete ni zaidi ya hapo. Hewa baridi inabeba maji kidogo, na upepo wa mchana unayafagia yale yaliyobaki kwenye ngozi. Pumu ya ngozi iliyovumilika Machi inalipuka Juni. Mama mmoja akisema "kila mwaka mwezi wa sita", amini. Kalenda yake ni sahihi.

Bafuni ndiko kulikoharibika

Kwa sababu ya baridi, mtoto alikuwa anaogeshwa kwa maji ya moto yanayotoa mvuke, ndani ya beseni, kama dakika 20 "apate joto", kwa sabuni ya dawa na dodoki, halafu anafutwa kwa kusuguliwa na kukalishwa karibu na jiko la mkaa mpaka akauke. Mafuta yanakuja baadaye, akishavaa, usoni na miguuni. Kila hatua hapo imefanywa kwa upendo, na kila moja inamkausha. Maji ya moto yanayeyusha udongo wa kwenye ukuta na kuuondoa. Sabuni ya kipande ina uchachu wa chini mno kwa ngozi: ngozi yenye afya iko kwenye pH ya 5 hivi, sabuni ya kawaida iko 9 mpaka 10. Sabuni ya dawa haina afadhali. Dodoki linakwangua. Na jiko linamalizia.

Utaratibu mpya aliopewa mama ni huu. Kuoga mara moja kwa siku, jioni, maji ya vuguvugu: chovya kiwiko chako, usisikie moto wala baridi. Dakika 5 mpaka 10, zisizidi. Mlango ufungwe upepo usiingie, na taulo na nguo ziwe tayari kabla mtoto hajavua, ili asitetemeke ukatafuta vitu. Sabuni kwa siku za mwanzo iwe kwapani na sehemu za siri tu, kidogo, na isuuzwe. Kwingine kote, badala ya sabuni, atumie malhamu ya kuemalsisha, ile ambayo kwa uzito ni nusu mafuta ya mgando, na iliyobaki ni nta maalumu na parafini ya maji (ile ya duka la dawa, si mafuta ya taa). Kijiko kimoja cha chakula kinakorogwa kwa uma kwenye bakuli la maji ya moto mpaka kiwe kama maziwa, kisha kinamiminwa ndani ya beseni. Beseni litateleza, mshike. Malhamu hiyo ikikosekana, mpake mafuta ya mgando kabla ya maji, umwogeshe nayo, umfute.

Malhamu hiyo ni mbadala wa sabuni tu. Wapo wanaouza mafuta maalumu ya kuongeza kwenye maji ya kuoga kwa bei kubwa. Uingereza walilijaribu hilo kwa watoto 482, matokeo yakatoka 2018: kwa watoto ambao tayari walikuwa wanapakwa mafuta vizuri, hayo ya kwenye maji hayakuongeza faida ya maana. Pesa hiyo inunue kopo la pili.

Akitoka, afutwe kwa kugusagusa na taulo, abaki na unyevu. Mafuta yaingie ndani ya dakika 3. Saa ya ukutani haihitajiki. Apakwe palepale kwenye stuli ya bafuni, asipelekwe chumbani kwanza. Unyevu ule wa kwenye ngozi ndio tunaoufungia ndani, na ukishakauka umefungia ukavu.

Kiasi: vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa, kila mara. Kimoja kwa miguu yote miwili, kimoja kwa kifua, tumbo na mgongo, kimoja kwa mikono, shingo na uso. Mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na baada ya kuoga jioni. Hiyo inafika kama gramu 40 kwa siku, gramu 280 kwa wiki, karibu sawa na kopo lenyewe. Yachotwe kwa kijiko safi kilichokauka, yawekwe kwenye kisahani, mkono usiingie koponi. Yapakwe kwa kushuka, kufuata vinyweleo vinakoelekea: begani kwenda vidoleni, pajani kwenda unyayoni. Yasisuguliwe yakapotea. Ukimaliza ngozi ibaki inang'aa na kunata kidogo, na baada ya dakika 10 ukigusa, kidole kiteleze.

Tatizo moja la nyanda za juu halimo kwenye maelekezo ya kwenye kopo: asubuhi ya Julai mafuta ya mgando yameganda kama nta ya mshumaa. Mama anayakwangua, anayabandika kwenye ngozi yenye mipasuko, mtoto analia na kukimbia, na kesho anapakwa kidogo zaidi ili asilie. Yasongwe kwanza kati ya viganja mpaka yalegee. Au kisahani kiwekwe juu ya kikombe cha maji ya moto kwa dakika chache. Kopo lisiwekwe jikoni kamwe.

Mafuta gani?

Bibi aliuliza kama mafuta ya alizeti ya nyumbani yanafaa, na ni swali zuri, kwa sababu yapo na ni rahisi. Alizeti ina asidi linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi inaitumia kujenga seramidi zake, na kwa ngozi ya mtoto mkubwa isiyo na vidonda inavumilika vizuri. Ila ni nyepesi, inafutika upesi, na haizibi kama mafuta ya mgando. Itumike kuongezea mchana, isiwe ndiyo tiba. Mafuta ya zeituni, ambayo mtu anaweza kuyanunua ghali akidhani ghali ndiyo nzuri, yana asidi oleiki nyingi na yanalegeza ukuta wa ngozi. Yaachwe kwenye saladi. Mafuta ya karanga yasiguse ngozi iliyochubuka: chakula kinachoingia mwilini kupitia nyufa za ngozi kinaweza kuufundisha mwili kukikataa. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri kupondaponda parachichi na kulipaka kwenye vidonda, ingawa Rungwe na Njombe yamejaa. Parachichi liliwe.

Kwenye mafuta ya mgando chagua meupe, yasiyo na harufu. Soma kopo: ukikuta "perfume" au "fragrance", rudisha, hata kama mbele kuna picha ya mtoto anayecheka. Manukato ndiyo yanayoleta mzio kwa wengi. Losheni na krimu nyepesi nazo zinafaa. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2022, watoto 550, ulilinganisha losheni, krimu, jeli za majimaji na mafuta mazito kwa wiki 16, na hakuna aina iliyowashinda wenzake kwa kupunguza dalili. Kilichotofautiana ni kile ambacho familia inakikubali. Kwa hiyo mtoto wa chekechea ambaye vumbi la njia ya Uyole litamganda akipakwa mafuta mazito asubuhi, apewe losheni isiyo na harufu asubuhi na mafuta mazito usiku. Kwa baridi ya kipupwe, mzani wetu unaelemea mafuta mazito usiku bila shaka.

Krimu moja ikatae: ile nyeupe laini ya kopo kubwa inayouzwa kama "aqueous cream". Iliundwa zamani na inatumika kuoshea, lakini nyingi zina sodiamu laurili salfeti, kemikali ya aina ya sabuni, na ikiachwa kwenye ngozi inaichoma. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu jambo hilo 2013, hasa kwa watoto wenye pumu ya ngozi. Na krimu ya urea, ambayo inalainisha vizuri magaga ya miguu ya mtu mzima, ikimgusa mtoto mwenye mipasuko ni kama chumvi kwenye kidonda.

Dawa, na mahali pake

Mafuta peke yake hayatazima moto ulioshika hivi. Daktari aliandika betamethasoni ya asilimia 0.1 kwa viwiko, nyuma ya magoti na vifundo vya miguu, mara moja kwa siku, siku 10, na haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa shingo. Kwa kigaga cha asali, ambacho ni dalili ya bakteria, antibayotiki ya kumeza kwa kipimo cha uzito. Kipimo cha steroidi ni ncha ya kidole: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka pindo la kwanza ni nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Maeneo mabaya ya mtoto huyu, ukiondoa shingo, yalikuwa viganja sita vya mama: ncha tatu, gramu moja na nusu. Tyubu ya gramu 15 inaisha siku ya kumi. Ikiisha siku ya nne umezidisha. Ikibaki nusu uliogopa, na wengi huogopa. Steroidi iliyopakwa kidogo kidogo kwa hofu inaishia kupakwa miezi, na hapo ndipo madhara yanapoingia.

Kati ya steroidi na mafuta iwe kama nusu saa, yasichanganyike. Kwa nyumba hii ilipangwa hivi: aoge, apakwe mafuta, ale, kisha kabla ya kulala apakwe steroidi kwenye maeneo yake tu.

Kufunga mtoto kwa vitambaa vibichi juu ya mafuta, jambo linaloelezwa kwenye maandishi mengi ya ugenini, halikuagizwa. Usiku wa Julai katika nyumba ya Uyole isiyo na joto, kitambaa kibichi kitamtia baridi, na juu ya kidonda chenye maambukizi hakitakiwi. Badala yake alivalishwa fulana ya pamba ya mikono mirefu na suruali ya pamba ndani ya sweta. Sweta la sufu likigusa ngozi moja kwa moja linawasha hata asiye na ugonjwa. Kanga kuukuu iliyolainika ni shuka zuri la chini ya blanketi. Kucha zikatwe kila Jumamosi.

Moto

Hili lilisemwa kwa mama na bibi wote wawili, polepole, na likarudiwa. Nguo, shuka na kanga zilizoloa mafuta ya kupaka zinashika moto upesi na kuwaka kwa nguvu kuliko nguo kavu. Mwaka 2018 mamlaka ileile ya dawa ya Uingereza ilipanua onyo lake kwamba si parafini tu, hata krimu na losheni zisizo na parafini zikikauka kwenye kitambaa zina hatari hiyo. Kufua kunapunguza, hakumalizi. Sasa fikiria mtoto aliyepakwa vijiko vitatu, kavaa kanga, kakaa hatua moja kutoka jiko la mkaa, au kalala karibu na mshumaa umeme ukikatika. Asikae karibu na jiko. Nguo zake zisianikwe juu ya jiko. Taa ya betri iwe karibu na kitanda. Joto la jiko linamkausha hata hivyo, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua kwa hewa yake bila kuhitaji nguo.

Marudio

Baada ya wiki mbili mtoto analala. Kigaga kimeanguka, shingo ni laini, kopo mbili tupu zimo mfukoni pamoja na la tatu. Lakini mapajani kuna vipele vyenye vichwa vya usaha, kila kimoja na unywele katikati. Mama ana wasiwasi kwamba mafuta "yamemkataa". Alipoombwa apake mbele ya nesi, jibu likaonekana: mikono inazunguka kwa duara, inapanda na kushuka, na mafuta yanachotwa kwa vidole. Kuzungusha kunasukuma mafuta ndani ya vinyweleo na kuviziba. Vidole vinaingiza bakteria koponi. Kopo lililochotwa kwa mkono lilitupwa, kijiko kikarudishwa, mapaja yakaachwa bila mafuta mazito kwa siku tatu yakipakwa losheni, na mama akapaka tena pale kliniki, kwa kushuka, mpaka mkono ukazoea. Vipele vilikauka.

Jambo la pili lilikuwa baba. Aliona mtoto amepona akasema mafuta yapunguzwe, gharama ni kubwa. Si hoja ya kupuuza. Kilo moja ya mafuta kwa mwezi ni pesa. Jibu lilikuwa la hesabu pia: mafuta ya jumla ya kilo, meupe yasiyo na harufu, kwa gramu ni nafuu kuliko vikopo, na hayana tofauti kwenye ngozi, mradi kiasi cha wiki kihamishiwe kwenye kopo dogo safi ili la kilo lisifunguliwe kila siku. Bibi apewe lake. Ngozi ikitulia kabisa, mara tatu zinaweza kuwa mbili, ila zisikome. Mwasho ukirudi mahali palepale, steroidi inarudi mapema kwa siku chache, isisubiri damu shukani.

Mama aliuliza kama mdogo wake mwenye miezi sita apakwe vilevile ili asipate ugonjwa. Hapana. Uingereza walilijaribu kwa watoto wachanga 1,394 wa familia zenye mzio. Kupaka kila siku mwaka wa kwanza hakukuzuia pumu ya ngozi (matokeo yalitoka 2020), na maambukizi ya ngozi yaliongezeka kidogo. Mtoto asiye na ugonjwa apakwe kama mtoto.

Kabla ya kuondoka walionyeshwa lini wasisubiri siku ya kliniki. Vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, kama vimetobolewa kwa kitu kimoja, vinavyouma kuliko kuwasha, pamoja na homa: hivyo ni virusi vya malengelenge vilivyoingia kwenye ngozi yenye pumu, na ni dharura ya siku hiyohiyo, usiku au mchana, hasa vikiwa karibu na jicho. Ngozi inayotoa usaha na kuenea huku mtoto akiwa na homa, vilevile. Na ugonjwa usiotulia baada ya wiki nne za utaratibu uliofuatwa kweli unastahili kuonwa na mtaalamu wa ngozi katika hospitali ya rufaa. Wengi wa maafisa tabibu wa ngozi nchini wamefundishwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya rufaa ya KCMC tangu 1992, na wanaijua pumu ya ngozi ilivyo kwenye ngozi nyeusi.

Wiki ya sita, mwishoni mwa Agosti. Viwiko vimelainika, mistari mizito inafifia. Nyuma ya magoti pamebaki mabaka meupe ambayo jirani mmoja ameshayaita ukoma. Mama aliombwa afumbe macho, ayaguse mabaka na ngozi ya pembeni kwa kidole, aseme ni wapi pana tofauti. Hakuipata. Na mtoto, aliyeguswa palepale kwa uzi wa pamba akiwa amefumba macho, alicheka kila ulipomgusa, kwa hiyo hapana ganzi. Ni rangi iliyokimbia baada ya mwako. Itarudi yenyewe kwa miezi, bila krimu yoyote ya kurudisha rangi. Kopo la sita liko mfukoni, na juu ya mfuniko mama ameandika kwa kalamu tarehe lilipofunguliwa: Jumapili iliyopita. Limebaki chini ya nusu.